Lita Zinazopotea Kabla Injini Haijapata Joto

Pikapu iliyokuwa ikienda kilomita 8.5 kwa lita moja mjini Minneapolis, Marekani, mwezi Julai huenda Januari ikashindwa kufikisha 7. Dereva ni yule yule na barabara ni ile ile. Mtu aliyehamia huko kutoka Mwanza au Nakuru, jambo la kwanza kumjia akilini ni kwamba petroli imechakachuliwa. Nitarudi kwenye shaka hiyo, maana ina chembe ya ukweli.

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba gari la petroli likitembea mjini kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri hupungukiwa takribani asilimia 15 ya kilomita zake kwa kila lita, ikilinganishwa na siku ya nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa safari fupi za kilomita 5 au 6, upungufu unaweza kufika asilimia 24. Baridi hiyo ni ya kawaida huko, kwani wastani wa Januari Minneapolis ni karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Lakini tazama hizo namba mbili kwa makini. Baridi haikubadilika, kilichobadilika ni urefu wa safari. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya hasara inalipwa mwanzoni, katika dakika chache ambazo chombo kizima bado ni baridi.

Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Huwaka ikishageuka mvuke. Ikipulizwa ndani ya injini iliyolala nje usiku kucha, sehemu yake hunata kwenye kuta za chuma baridi. Kompyuta ya injini inalijua hilo, hivyo huamuru nozeli zitoe petroli zaidi, ili ule mvuke kidogo utakaopatikana utoshe kushika moto. Enzi za kabureta kazi hii ilikuwa ya choki, na dereva aliivuta kwa mkono wake. Leo haioni, ila anailipia. Kuna pia suala la moshi: kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi hakifanyi kazi sawasawa mpaka kifikie nyuzi 250 au 300 hivi. Ili kukipasha upesi, kompyuta huchelewesha makusudi cheche za plagi, joto likimbilie kwenye ekzosi badala ya kumalizikia kwenye kusukuma pistoni. Naona ni uamuzi sahihi kabisa kwa afya ya watu wa mjini, lakini gharama yake inatoka kwenye tangi.

Kisha oili. Oili ya injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huwa nzito zaidi ya mara 100 kuliko ikiwa na joto la kazi, na kila pistoni inayopanda na kushuka inapambana nayo. Angalau injini ina moto wake wa kuipasha. Difu haina. Oili yake, ambayo kwa asili ni nzito, hupata joto kutokana na msuguano wa meno yenyewe, polepole mno. Hapa ndipo pikapu inapolizidi gari dogo kwa hasara: ile inayovuta kwa magurudumu yote manne ina difu mbili, na kati yake kuna boksi la kugawa nguvu lenye oili yake. Gia otomatiki nayo hukawia kuunganishwa moja kwa moja na injini mpaka mafuta yake yapate joto. Mwenye pikapu anayekwenda kazini kilomita 5 anafika, anazima, na difu bado baridi. Jioni anaanza upya.

Lakini si kila hasara inaisha injini ikipata moto. Anayetoka Minneapolis kwenda Fargo kwa barabara kuu ya I-94 ana karibu kilomita 380 mbele yake. Injini itapata joto mapema, na bado atatumia petroli nyingi kuliko Julai. Sababu kubwa ni hewa. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa takribani asilimia 18 kuliko ya nyuzi 25, na ukinzani wake kwa gari huongezeka kwa kiwango hicho hicho. Pikapu ina uso mpana, imesimama wima, na bodi yake ya nyuma iko wazi. Mwendo wa kilomita 110 kwa saa, kuisukuma hewa ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Matairi nayo yana lao. Tairi lililojazwa paundi 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 25 litasoma paundi 27 au 28 likikaa nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, bila tundu lolote. Mpira wenyewe umekakamaa, theluji iko chini yake, na wengi wameweka mifuko ya mchanga nyuma ili magurudumu yasiteleze.

Sasa ile shaka ya uchakachuaji. Petroli ya majira ya baridi kweli si ile ya kiangazi. Viwanda vya kusafishia mafuta huiongezea butani, gesi ile ile ya viberiti vya gesi, kwa sababu hugeuka mvuke kwa urahisi na kuisaidia injini kuwaka. Ila butani ina nishati ndogo kwa kila lita, hivyo petroli hiyo hupungukiwa takribani asilimia 1.7. Ni halali, ni lazima, na mchango wake kwenye hasara yote ni mdogo. Mwenye kituo cha mafuta hana kosa hapo.

Kosa linalofanywa kila asubuhi ni jingine: kuiacha pikapu inanguruma nusu saa imesimama ili ipate joto. Injini ikisimama hivyo hula lita 1 hadi 2 kwa saa, kubwa zaidi hula zaidi, na kilomita ni sifuri. Zaidi ya hayo, difu na matairi havipashwi hata kidogo. Kwa gari la kisasa, washa, subiri kama nusu dakika, safisha vioo, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana. Chombo chote hupata joto kikitembea.

Dawa iliyo bora ni ya zamani. Mwaka 1949 Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, alipata hataza ya hita ya umeme inayofungwa kwenye injini. Mpaka leo, kwenye miji yenye baridi kali, utaona waya wenye plagi ukining'inia mbele ya pikapu. Hita hiyo inapasha injini kabla haijawashwa, na hivyo inaondoa kipande kikubwa cha ile hasara ya mwanzo. Haina haja ya kuchomekwa usiku kucha. Weka saa ya kuiwasha yenyewe muda wa saa 2 kabla ya safari. Na ukiona sindano ya joto haipandi hata baada ya kilomita 20, mwombe fundi aangalie thamostati: ikikwama wazi, injini hubaki baridi safari nzima, na hapo hita haitakusaidia.