Simbilisi wa Kituku: Hesabu Walioachishwa Kunyonya

Anayeingia katika nyumba ya mfugaji wa simbilisi, au kobaye kama wengi wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanavyomwita, hupokewa na wingi. Jikoni kuna milio, majani yanatikisika, vichwa vinachungulia kutoka uvunguni, na mwenye nyumba anataja idadi yao kwa fahari. Idadi hiyo ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Ufugaji huu una kipimo kimoja kinachostahili kuaminiwa: kwa mwaka mmoja, kila jike ameachisha kunyonya watoto wangapi walio hai na wenye uzito, na baba yao anajulikana? Nyumba yenye majike wanne na majibu ya wazi kwa maswali hayo mawili ni bora kuliko nyumba yenye simbilisi arobaini wasiojulikana nani mama na nani baba.

Sababu iko katika mwili wa mnyama mwenyewe. Mlinganishe na panya: huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga chatu nyumbani na kuzalisha panya wa kuwalisha chatu hao. Panya hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23, kisha huzaa watoto wanane, kumi au zaidi, wote bila manyoya na macho yamefumba. Wawili wakifa, hasara ni ndogo, na kuhesabu vichwa kunatosha kumpima mfugaji. Simbilisi ana njia nyingine kabisa. Hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72, na kwa kawaida huzaa wawili au watatu. Mtoto huzaliwa ana manyoya, macho yamefunguka, meno yako tayari, na katika siku zake za kwanza anaanza kutafuna majani pembeni mwa mama yake. Mama ametumia miezi miwili kumkamilisha tumboni. Akifa, imepotea theluthi au nusu ya kazi hiyo yote. Kwa hiyo wanaosema kwamba huyu ni panya tu, atajizalia mwenyewe, wamekosea mara mbili: wamekosea ukoo wake, na wamekosea namna ya kumhesabu.

Jike huweza kumpokea dume saa chache tu baada ya kuzaa, kwa hiyo akiishi na dume wakati wote anaweza kufika mizao minne au mitano kwa mwaka. Hapo ndipo wingi unapodanganya. Jike aliyezaa kumi na wawili akapoteza saba amechoka zaidi na ameacha wachache kuliko aliyezaa wanane akawakuza wote. Mnunuzi asiulize, “Amezaa wangapi?” Aulize, “Wale wa mzao uliopita wako wapi?” Mfugaji mzuri atawaonyesha, au ataeleza waliuzwa lini na wakiwa na ukubwa gani. Mtoto huzaliwa akiwa na gramu 60 hadi 100 hivi, na akifika wiki ya tatu anapaswa kuwa ameongeza uzito huo karibu maradufu. Asiye na mizani hutumia kiganja: mtoto wa wiki tatu aliyetunzwa ana mgongo uliojaa, na uti wake hausikiki kama msumeno chini ya kidole gumba.

Baada ya hesabu huja mikono. Mnyama ashikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba matako, kwa sababu anayening'inizwa kwa mabega huumia. Macho yawe makavu na maangavu, pua isiwe na kamasi. Meno ya mbele, ambayo hukua maisha yote, yakutane sawasawa. Yakipishana, mnyama atakufa njaa mbele ya lundo la majani. Kidole kipite chini ya taya na shingoni kutafuta uvimbe, maana pale hujificha jipu linaloweza kuambukiza kundi zima. Manyoya yafunuliwe hadi kwenye ngozi: magamba na vidonda vya kujikuna ni dalili ya upele wa utitiri, na huo haukai kwa mmoja. Kisha nyayo. Miguu ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma vitatu, na chini yake ngozi iwe laini bila kidonda. Katika Goma hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mji umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Simbilisi anayelala juu ya jiwe hilo kali, au juu ya majani yaliyolowa mkojo, huvimba nyayo, huacha kutembea, na mwisho huacha kula. Mfugaji anayejua kazi humwekea sakafu ya mbao au tandiko nene la nyasi kavu, tena hulibadilisha kabla halijaanza kunuka. Na harufu hiyo isipimwe ukiwa umesimama. Chuchumaa, uso ufike pale pua ya mnyama ilipo. Macho yako yakiwasha, mapafu yake yameshaanza kuumia.

Chakula nacho kina ushahidi wake. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kutengeneza vitamini C mwilini mwake. Akikosa majani mabichi kwa wiki mbili hivi, viungo huvimba, yeye hutembea kwa shida, na jike mwenye mimba huharibikiwa nayo au huzaa wafu. Nyumba inayolisha pumba na maganda makavu tu itakuwa na watoto wachache hata ikiwa na majike wengi, na mwenye nyumba atalaumu ugonjwa. Kituku haina udhuru katika hili. Ni bandari na soko la Goma, kando ya Ziwa Kivu. Mitumbwi na boti huleta vyakula kutoka ng'ambo, na pale penye soko la mboga hapakosi majani yanayotupwa: ya nje ya kabeji, ya mahindi, na mashina ya matembele. Ila yatayarishwe kwanza. Majani yaliyolowa mvua au yaliyolundikwa hadi yakachemka hujaza tumbo gesi, kwa hiyo yaanikwe kivulini hadi yanyauke kidogo. Majani ya parachichi na machipukizi ya viazi mbatata yasiguswe, ni sumu.

Swali la baba ndilo gumu zaidi, na ndilo wafugaji wengi hulikwepa. Katika nyumba nyingi za Kivu simbilisi huachwa wazungukezunguke jikoni, dume na watoto wake wa kike pamoja. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki nne tu, yaani kabla mwenye nyumba hajamwona kuwa mkubwa. Dume akimpanda binti yake, robo ya urithi wa mtoto huwa katika hatari ya kujirudia yenyewe. Kizazi baada ya kizazi miili hupungua, mizao hupungua, vifo huongezeka. Hilo huja polepole mno, na mwenye nyumba huliita bahati mbaya. Kwa hiyo dalili ya ufundi ni ukuta: kipande cha ubao kinachowatenga madume wadogo, na mabinti mbali na baba yao, tangu wiki ya tatu, na dume mzazi mmoja kwa majike watano hadi kumi, aliyetoka nyumba isiyo na undugu nao. Majirani wa mtaa mmoja mara nyingi walianza na mbegu ileile, kwa hiyo kubadilishana nao hakusaidii sana. Dume kutoka kisiwa cha Idjwi au mji wa Minova, kwenye ziwa hilohilo la Kivu, anasafiri ndani ya kikapu bila taabu. Akifika, atengwe wiki mbili kwanza.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba soko hununua kichwa, si ukoo. Ni kweli kwa yule anayeuza nyama leo. Lakini hata yeye anauza mwili, na mwili mdogo hauna bei ya mkubwa. Huko Peru, mnyama huyu alikotoka, wataalamu walimchagua kwa uzito na uzazi hadi wakapata aina inayofikia karibu kilo moja kwa takriban wiki tisa ikilishwa vizuri, ilhali wa kienyeji wengi kwetu hawafiki uzito huo hata wakikomaa. Tofauti hiyo ilijengwa kwa kuandika nani alizaa nani na kubakiza walio bora. Haihitaji daftari la gharama. Alama ya makaa kwenye ubao wa kizimba inatosha. Kinachovunja kazi ni desturi ya kuuza wakubwa kwanza na kubakiza wadogo wazae.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la volkano na vita. Mtu wa Goma aliukimbia mlima wa Nyiragongo ulipolipuka mwaka 2002 na tena 2021, na mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Kwa nini apange vizazi vya mnyama ambavyo huenda asivione? Hoja hii ni ya haki, lakini inaelekea upande mwingine. Simbilisi amependwa na kaya maskini za Kivu kwa sababu hahitaji shamba, na siku ya kukimbia anabebeka pale mbuzi anaponyang'anywa. Lakini kikapu hakibebi arobaini. Kinabeba wanne au watano, na hao ndio watakaokuwa mababu wa kila kitakachozaliwa huko uendako. Asiyejua ukoo wao atachukua walio karibu na mlango, pengine ndugu watupu. Anayejua atachukua majike watatu vijana wa mama tofauti, ambao wameshazaa mara moja na kukuza, na dume asiye ndugu yao. Asichukue jike aliyepita miezi saba bila kuzaa, maana mifupa ya nyonga yake imeshaanza kufungana na mzao wa kwanza unaweza kumuua.