Bepari ni Nani?

Jamani, mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanaodai Mwalimu Nyerere aliteleza alipoiita tafsiri yake ya Shakespeare *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969. Nilidai hivyo kwa sauti kubwa, tena. ‘Merchant’ ni mfanyabiashara: ananunua, anapakia chomboni, anauza. ‘Capitalist’ ni mwenye mtaji, yule anayekaa kitako pesa zikimzalia pesa. Sasa Antonio mwenye merikebu, anayekopesha bila riba, ni bepari gani? Halafu Kiingereza kinamtaja mmoja, Mwalimu katuletea kundi zima!

Kumbe ‘bepari’ neno la Kihindi, na huko ni mfanyabiashara tu. Harufu ya unyonyaji imeliingia baadaye, hasa katika siasa za Azimio la Arusha la 1967. Yaani neno letu moja linabeba yote mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga.

Nikairudia tamthilia. Portia anaingia mahakamani na inambidi aulize mfanyabiashara ni yupi na Shylock ni yupi. Huyo Antonio alikuwa akimtemea Shylock mate, kisha akamwendea kukopa. Na Shylock anawakumbusha wakubwa wa Venisi kwamba nao wana watumwa waliowanunua. Utamtoa nani kwenye kundi hapo?

Kinachoniuma ni Antonio wa mwanzo, mpweke, mwenye huzuni asiyojua imetoka wapi. Kwenye jina la Kiswahili hayupo. Hata hivyo, ningepewa kalamu leo, ‘mfanyabiashara’ nisingeliandika.