Harusi, Kamera na Kauli katika Tamthilia ya Made in Heaven

Katika filamu nyingi za Kihindi za miaka ya tisini, harusi ilikuwa hatima ya kisa. Hum Aapke Hain Koun..! ya Sooraj Barjatya (1994) iliifanya kuwa kivutio chenyewe: nyimbo, mapishi na mavazi vilitwaa nafasi ya mgogoro, na familia ya kitajiri ikasawiriwa kana kwamba haina adui ila ajali. Mira Nair, katika Monsoon Wedding (2001), aliutia doa usawiri huo kwa kufichua, katikati ya shamrashamra, dhuluma aliyotendewa binti na jamaa wa karibu. Made in Heaven, tamthilia mfululizo iliyobuniwa na Zoya Akhtar na Reema Kagti na kuonyeshwa kwa njia ya intaneti na Amazon Prime Video, inaanzia pale Nair alipoishia. Msimu wa kwanza, wenye sehemu tisa, ulitoka Machi 2019. Wa pili, wenye sehemu saba, Agosti 2023.

Msuko wake ni sahili. Tara Khanna na Karan Mehra wana kampuni ya kuandaa harusi jijini Delhi, na takriban kila sehemu huja na harusi yake na uozo wake. Katika moja, bibi harusi ambaye ni mtumishi wa ngazi ya juu serikalini anamkataa bwana harusi siku ya harusi, baada ya kugundua kwamba anaridhia dai la mahari. (Mahari hayo, kinyume na ada za Waswahili, hudaiwa upande wa mwanamke, na yamepigwa marufuku na sheria ya India tangu 1961.) Katika nyingine, mwigizaji mashuhuri anayepigwa na mchumba wake anaolewa naye vivyo hivyo. Ni rahisi kuisoma tamthilia kama orodha ya maovu, na kuisifu kwa wingi wa maovu hayo. Usomaji wa aina hiyo hauitendei haki. Uzito wake hauko katika kufichua kwamba matajiri wa Delhi ni wanafiki, jambo ambalo halikuhitaji sehemu kumi na sita, bali katika kuwaweka wahusika wakuu mahali ambapo unafiki huo ndio mtaji wao. Tara na Karan si washenga. Mshenga ana dhamana kwa pande zote mbili na hulaumiwa ndoa ikiharibika. Hawa wana ankara. Tara mwenyewe, aliyekuwa katibu wa Adil Khanna kabla ya kuwa mkewe, aliifikia ndoa hiyo kwa hesabu zaidi ya mapenzi. Kwa hivyo kila anapomshauri bibi harusi mwingine, ushauri wake una kinaya ambacho mtazamaji hana budi kukisikia.

Udhaifu mkubwa wa kazi hii uko katika usimulizi. Kabir, mpigapicha wa kampuni, hupewa kauli ya kufungia sehemu, naye hueleza kwa sauti ya hekima yale ambayo picha zimekwisha kuyasema. Huu ni udidaktiki wa kale uliovishwa suti mpya. Linalosikitisha zaidi ni kwamba nafasi yake ilikuwa na rutuba. Kabir hulipwa ili atengeneze ukumbusho ambamo kila mtu anatabasamu. Analoliona na analoliuza ni vitu viwili. Badala ya kuuchimba mgongano huo, watunzi wanamfanya msimulizi mjuzi-yote asiyedaiwa chochote.

Ukichunguza kwa makini lakini, kamera inasema lile ambalo Kabir hakuambiwa aseme. Katika msimu wa kwanza mna kamera ya pili: ile ambayo mwenye nyumba, anayeficha mapenzi yake kwa wanaume, anaitumia kumpeleleza Karan chumbani. Picha hizo zinamfikisha Karan mikononi mwa polisi kwa mujibu wa kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India, urithi wa utawala wa Kiingereza wa 1860. Kamera moja inapamba ndoa, nyingine inamtia mtu rumande, na zote mbili zinailinda heshima ileile ya familia. Uwiano huu ndio ufundi bora zaidi wa tamthilia, na haukuhitaji hotuba. Mahakama ya Juu ya India ilikwisha kukitangua kifungu hicho, kwa kadiri kinavyohusu watu wazima waliokubaliana, Septemba 2018. Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya hapa vina nasaba hiyohiyo, na kwamba Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvibatilisha Mei 2019, miezi miwili na ushei baada ya kisa cha Karan kuonyeshwa.

Msimu wa pili una sehemu moja inayopaa juu ya nyingine, nayo imeongozwa na Neeraj Ghaywan. Pallavi Menke, msomi wa Kidalit anayeolewa na mwanamume asiye Mdalit, anataka pia harusi ya Kibudha. Tukio hilo linaonyeshwa kwa utulivu: mavazi meupe, picha ya Ambedkar, na ndoa isiyozunguka moto. Baada ya wahusika wengi wanaojulikana kwa dhahabu zao, uchache huo wa vitu ni kauli ya kisiasa. Hata hivyo, baada ya sehemu hiyo kutoka, mwandishi Yashica Dutt, mtunzi wa Coming Out as Dalit (2019), alidai hadharani kwamba maisha na mawazo yake yametumiwa bila idhini wala kutajwa. Watunzi walikanusha, wakisema Pallavi ni mhusika wa kubuni. Haifai mhakiki awe hakimu wa shauri hilo. Lakini kwa kuwa sehemu yenyewe inahusu mwanamke anayedai kutajwa kwa jina la jamii yake mbele ya wakwe, haiwezekani tena kuitazama bila kuuliza ni jina la nani lililokosekana katika orodha ya majina mwishoni mwake.