Hongera kwa Waliojenga Tovuti ya Boston Globe

Septemba 2011, gazeti la Boston Globe la Marekani lilizindua tovuti iliyojipanga yenyewe kufuata upana wa kioo, kuanzia simu ndogo hadi kompyuta ya mezani. Nawapongeza kwa dhati wabunifu wa Upstatement, waandaaji programu wa Filament Group, na Ethan Marcotte, aliyekuwa ameieleza mbinu hiyo katika makala ya Mei 2010.

Kwa kawaida mbunifu alichora ukurasa, akamkabidhi mwandaaji programu, kazi yake ikaishia hapo. Kwa tovuti hii mchoro mmoja usingetosha. Safu tatu za habari zikibanwa kuwa moja, nani aamue ipi itangulie? Mbunifu anajua uzito wa habari. Mwenzake anajua kivinjari kitafanya nini. Hakuna anayeweza kujibu peke yake, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Picha zilikuwa mtihani mkubwa zaidi: kwa nini simu ndogo ipakue picha ya kioo kipana? Mat Marquis, mmoja wa waliojenga tovuti hiyo, baadaye aliongoza kundi lililopigania alama mpya ya HTML inayokiwezesha kivinjari kuchagua picha inayokifaa. Leo vivinjari vyote vikubwa vinaielewa, na mwenye bando dogo kule Tandale anaokoa megabaiti zake.