Kitenzi "Run" na Tatizo la Kuhesabu Maana: Uhakiki wa Kileksikografia kwa Mwanga wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary (1989), kitomeo kirefu kuliko vyote kilikuwa cha kitenzi "set", kilichopewa maana zipatazo 430 bila kuhesabu virai vyake. Marekebisho yaliyofuata yalikiondoa kileleni. Kitenzi "make" kilikipita mwaka 2000, "put" mwaka 2007, na hatimaye "run" mwaka 2011, kikiwa na maana 645. Mhariri Peter Gilliver alikishughulikia kwa takribani miezi tisa.

Idadi ya aina hii huweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa utajiri wa Kiingereza na, kwa upande wa pili, wa umaskini wa lugha ambazo vitenzi vyake havina vitomeo virefu kiasi hicho. Makala haya yanahakiki dhana hiyo. Yanadai kwamba 645 ni zao la uamuzi wa wanaleksikografia pamoja na historia ya maumbo ya Kiingereza, na kwamba haifai kuwa kipimo cha uwezo wa lugha. Suala hili si la kinadharia tu, kwa kuwa namna maana zinavyogawanywa ndiyo inayoamua kama kamusi ya lugha mbili itamsaidia mtumiaji au itampotosha.

2.0 Idadi Hiyo Inahesabu Nini?

Kamusi iliyotajwa imeandikwa kwa misingi ya kihistoria. Maana iliyokwisha kufa huhifadhiwa kando ya maana iliyo hai. Kwa hiyo, 645 si hesabu ya maana anazozijua msemaji mmoja wa Kiingereza, bali ni kumbukumbu ya karne nyingi za matumizi. Aidha, idadi hutegemea wingi wa mifano iliyokusanywa na kiwango cha ugawaji alichokichagua mhariri. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, alikwisha kukipa kitenzi "take" maana 134. Mhariri mwingine angeweza kuziunganisha nyingi kati ya hizo bila kupotosha ukweli wowote kuhusu lugha.

Wataalamu wametofautiana kuhusu tatizo hili. Ruhl (1989) anashikilia kwamba mtafiti aanze kwa kudhani neno lina maana moja, na tofauti nyingine azihusishe na muktadha. Kilgarriff (1997) anakwenda mbali zaidi kwa kudai kwamba maana za neno zipo tu kwa kuzingatia kazi inayokusudiwa. Gries (2006), akichunguza "run" yenyewe katika matini halisi, anatumia sifa za kisarufi zinazoambatana na kila tukio la kitenzi ili kutenganisha maana.

Udhaifu wa mtazamo wa Ruhl ni kwamba maana moja inayotosheleza matumizi yote ya "run" huwa dhahania mno, kiasi kwamba ni vigumu kuitenga na maana ya kitenzi chochote cha mwendo. Mtazamo wa Kilgarriff una manufaa zaidi kwa kamusi, ila unadai kazi itajwe kwanza. Utaratibu wa Gries unatoa ushahidi unaoweza kukaguliwa. Hata hivyo, unatenganisha maana kwa mtazamo wa ndani ya Kiingereza, na hivyo hauwezi peke yake kumwambia mfasiri ni tofauti zipi zenye uzito katika lugha lengwa.

3.0 Ushahidi wa Kiswahili

Kiswahili hutawanya maana za "run" katika vitenzi vingi. Mtoto hukimbia, mto hutiririka, nguo huchuja rangi, barabara hupita bondeni, mkataba hudumu miaka miwili, mwanasiasa hugombea ubunge, na mfanyabiashara huendesha duka. Mfano wa mwisho unahitaji kuangaliwa kwa makini. "Endesha" ni kauli ya kutendesha ya "enda". Uhusiano kati ya kitu kwenda na mtu kukifanya kiende unaonekana wazi katika umbo la neno. Katika Kiingereza uhusiano huohuo haubadilishi umbo. Mashine na mtu anayeisimamia hutumia "run" ileile, na kamusi hulazimika kuorodhesha maana mbili.

Historia inaunga mkono ufafanuzi huu. Katika Kiingereza cha Kale palikuwa na vitenzi viwili vyenye uhusiano, kimoja kisicho na yambwa na kingine cha kusababisha. Kadiri wakati ulivyopita, na kwa msukumo wa lugha ya Kinorse, maumbo hayo yaliungana kuwa "run" moja. Sehemu ya wingi wa maana unaosifiwa leo imetokana, basi, na kupotea kwa tofauti ya kimaumbo. Kiswahili kimeitunza tofauti ya aina hiyo katika "kimbia" na "kimbiza", na kamusi ikiviweka katika vidahizo viwili, hakuna anayeliita jambo hilo polisemia.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakina vitenzi vyenye mzigo mzito. Mtu hupiga simu, pasi, picha, kura, magoti, mswaki na hodi. Kwa kanuni ya ugawaji iliyotumika kwa "run", "piga" ingepata kitomeo kirefu sana. Lakini hapa pana swali: je, maana imo katika "piga" au katika kirai kizima, ambamo nomino ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ujumbe? Swali hilohilo linaihusu "run" inapofuatwa na vihusishi na vielezi.

Vilevile, "kimbia" huunganisha yale ambayo Kiingereza hutenganisha. Aliyekimbia mbio za mita 100 na aliyekimbia vita wameelezwa kwa kitenzi kimoja, ilhali Kiingereza kina kitenzi mahususi cha kukimbia hatari. Polisemia, kwa hiyo, haiegemei upande mmoja.

4.0 Athari kwa Kamusi za Lugha Mbili

Kitomeo kinachopanga "kimbia, tiririka, endesha, gombea" kwa kutenganisha visawe kwa mkato tu humwachia mtumiaji kazi ambayo ni ya mwanaleksikografia. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba mgombea "anakimbia ubunge", yaani anaukwepa, akidhani ametafsiri sawasawa. Kigezo kinachofaa ni aina ya kiima na yambwa. Ikiwa kiima ni kimiminika, "tiririka". Ikiwa yambwa ni biashara au mtambo, "endesha". Ikiwa shabaha ni cheo, "gombea".

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba mpangilio huu unaigawa "run" kwa kufuata Kiswahili badala ya Kiingereza. Pingamizi hilo ni sahihi kwa kamusi ya lugha moja. Kwa kamusi ya lugha mbili, kumwezesha mtumiaji kuchagua kisawe ndiyo kazi yenyewe, na hapo hoja ya Kilgarriff inapata nguvu yake.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba maana 645 za "run" zinachanganya matumizi yaliyo hai na yaliyokufa, tofauti za kimaana na tofauti za kimaumbo zilizofifia, pamoja na mchango wa kitenzi na ule wa maneno yanayoandamana nacho. Lugha yenye unyambulishaji mpana kama Kiswahili hugawa mzigo huo kwa njia nyingine. Ulinganishi wa haki kati ya lugha hizi mbili hauna budi kuhesabu mzizi pamoja na minyambuliko yake yote, si kidahizo kimoja kwa kidahizo kimoja.