Mzee wa Urojo Hakustahili Kukatwa

Mhakiki alikosea. Naliandika hilo mwanzoni ili wanaotaka kunipigia simu wapige mapema. Mliokuwapo kwenye kikao cha Jumamosi cha kuhakiki picha mliiona picha ya makachu, wale vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, ikipanda kwenye projekta, na mliona yaliyoipata kabla binti aliyeipiga hajafungua kinywa vizuri: kipanya kikashikwa, mstari ukavutwa, nusu ya Forodhani ikatoweka.

Tuitazame kama ilivyotoka kwenye kamera. Juu kulia kijana kapinduka hewani, miguu inaelekea mbinguni. Chini yake, juu ya ukuta, wenzake wawili wamekodoa macho. Katikati hakuna kitu ila bahari na ule mwanga wa jua linaloelekea kuzama. Chini kushoto kabisa kaketi mzee wa kanzu na kofia, bakuli la urojo mkononi, kijiko kipo njiani, macho yamezama bakulini. Hana habari na kijana. Mbwembwe zile kazizoea, na huenda ujanani mwake alizipiga yeye mwenyewe pale pale. Uwazi ulio kati yao, ule ambao mhakiki aliuita "nafasi iliyokufa", ndio unaompa mtazamaji muda wa kutoka kwa kijana, kufika kwa mzee, na kucheka.

Sasa kisu. "Kata huku kote, mdogo wangu, macho hayajui pa kwenda." Upana wa pikseli 6000 ukabaki 3200. Fremu iliyolala ikasimama wima, nne kwa tano, saizi ya kutupia simuni. Kijana akakalishwa kwenye makutano ya theluthi, ukumbi ukapiga makofi. Binti akajaribu, "Samahani mwalimu, yule mzee..." Akajibiwa, "Ngoja kwanza tuisafishe." Akasema sawa mwalimu, akaketi. Kilichobaki ukutani ni kijana anayeruka, picha ambayo kila mgeni aliyepita Forodhani jioni anayo kwenye simu yake, na wengi wanayo kali zaidi ya hiyo.

Ugomvi wangu na mhakiki hauko kwenye kukata. Alberto Korda alimkata Che Guevara mwaka 1960: kwenye negativi yake ya Havana kulikuwa na mtu mwingine pembeni na majani ya mnazi, akaviondoa vyote, na ile sura ikazunguka dunia nzima. Henri Cartier-Bresson, aliyejulikana kwa kuchukia kukata, aliikata picha yake ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, mwaka 1932, kwa sababu uzio ulikuwa umeziba upande mmoja. Lakini hawa walikata picha zao wenyewe, wakijua walichokuwa wakikitafuta. Mhakiki wetu alikuwa kama fundi cherehani anayeshika mkasi kabla ya kuchukua vipimo. Hakumuuliza binti alisimama pale akisubiri nini. Na pale mhakiki anapokata mbele ya watu, mambo huwa yamekwisha: ukumbi ukishaiona fremu nyembamba, ile pana inaonekana chafu hata kama ndiyo yenye maana. Mjadala unahamia kwenye milimita za ukingo. Mwenye picha naye anajifunza kwamba mzee alikuwa takataka, na safari ijayo hatamwingiza kabisa.

Nilishasema humu, na nitasema tena hadi wahariri wanichoke, kwamba kanuni ya theluthi inapewa heshima isiyo yake. John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797, Uingereza, akizungumzia michoro ya mandhari ya shamba, miaka karibu thelathini kabla Niépce hajapata picha yake ya dirishani kule Ufaransa. Ni msaada mzuri kwa anayeanza, asiyejua aweke wapi upeo wa bahari. Kumbana nayo mtu ambaye tayari ameweka vitu viwili mahali pawili kwa makusudi ni uvivu wa kutazama. Tena wale wale wanaoihubiri ndio waliotuletea ugonjwa wa kufifisha kila mandharinyuma, mpaka picha ya mtu sokoni Kariakoo inaweza kuwa imepigwa popote duniani.

Wazee walitazama kwanza. Cartier-Bresson alikuwa akizigeuza picha kichwa chini ili aone umbo lake bila kudanganywa na kilichomo. Malick Sidibé, kule Bamako, akirudi kutoka kwenye dansi za vijana alisafisha filamu usiku, kisha akabandika picha ndogondogo nje ya studio, wenyewe waje wachague. Alikuwa bingwa, na bado aliwaachia waliomo pichani waseme ipi ni yao. Hata Roy Stryker wa Marekani, ambaye miaka ya 1930 alikuwa akitoboa matundu kwenye negativi alizozikataa (dhambi ambayo sijamsamehe hadi leo), aliwaandikia wapiga picha wake barua ndefu akiwaeleza anatafuta nini na kwa nini. Sisi tumebaki na tundu tu, barua hatuna.

Mhakiki nimpe haki yake: alichosema juu ya upeo ulioinama kidogo na fokasi kilikuwa sahihi.

Ila yaliyomhusu binti zaidi hayakutajwa. Nyuma ya kichwa cha mzee kuna mlingoti wa ngalawa, umechomoza juu ya kofia kana kwamba umeota pale. Hatua moja kushoto ingemtenganisha nao. Bega la kanzu limeungua: kipima mwanga kiliona ukuta ulio kivulini na ngozi nyeusi za vijana, kikadhani kuna giza, kikaongeza mwanga hadi cheupe kikapoteza nyuzi zake. Angepunguza stopu moja na kupiga kwa RAW, nyuso angezipandisha baadaye, maana giza hurudishwa na kilichoungua hakirudi. Miguu ya kijana inagusa ukingo wa juu. Angeinua lenzi kidogo tu, hewa ingepatikana. Haya matatu binti angeondoka nayo, akayatumie kesho yake kwenye mwanga mwingine na watu wengine. Ushauri wa kukata unaisha na faili lile lile lililokatwa.

Choreografa Liz Lerman wa Marekani ana utaratibu wake wa kutoa maoni juu ya kazi ya msanii, wa tangu mwaka 1990. Watazamaji husema kwanza kilichowagusa, msanii huuliza anachotaka kujua, wao humuuliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake, na maoni huja mwisho, tena kwa kuombewa ruhusa. Wengine wataniambia ni mlolongo mrefu kwa kikao chenye picha nyingi na chai inayopoa. Basi wachukue swali moja tu: ulikuwa unangoja nini?

Kikao kijacho ni cha picha za harusi. Naomba mzee wa urojo arudishwe kwanza kwenye projekta akiwa mzima, na kipanya kikae meza nyingine hadi binti amalize sentensi yake.