Tofali la Ignatz na Kisanduku cha Fomu

Ukitazama haraka, Kiswahili kinamfaa sana Krazy Kat. Paka huyu wa George Herriman, aliyeishi katika magazeti ya Marekani kuanzia 1913 hadi 1944, mara huitwa wa kike, mara wa kiume. Kiingereza hakina budi kuchagua. Sisi tunasema "anampenda", basi, hadithi inasonga.

Hadithi yenyewe ni fupi. Krazy anampenda panya, Ignatz. Ignatz anamvurumishia tofali kichwani, naye Krazy analipokea kama barua ya mapenzi. Offisa Pupp, mbwa askari anayempenda Krazy, anamtia panya jela. Herriman alikirudia kisa hicho kwa miaka 30, na hakikuchosha. Mmiliki wa magazeti, William Randolph Hearst, alikilinda hata kilipokosa wasomaji wengi.

Mwaka 1971, miaka 27 baada ya kifo cha Herriman, cheti chake cha kuzaliwa kiliibuliwa: New Orleans, 1880, "wa rangi". Cheti cha kifo kilimwandika Mzungu. Tangu hapo wahakiki wengi wanalisoma kila tofali kama siri ya rangi. Hawakosi ushahidi: katika ukurasa mmoja Krazy anatoka saluni akiwa mweupe, na Ignatz anamzimikia mpaka anapomtambua.

Hata hivyo, sikubali Herriman ageuzwe kitendawili kilichoteguliwa. Kusema "kumbe alikuwa mweusi" na kuishia hapo ni kuijaza upya fomu ileile iliyomlazimu kujificha. Tumehamisha alama ya vema tu, kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

Ndiyo maana wepesi wa Kiswahili unanitia shaka. Ninatafsiri kurasa chache kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na sentensi zinateleza mno. Msomaji wetu hajikwai pale Mmarekani alipojikwaa, na bila kujikwaa huko kibonzo kinapoteza makali: lugha inadai jibu, paka hatoi.

Kwa hiyo nimeamua kumwekea msomaji kisiki. Katika tafsiri yangu, Ignatz anamwita Krazy "kaka" juu ya ukurasa, na "dada" chini yake. Msimamizi wangu ameandika pembeni: "Chagua moja." Sichagui.